Idhini ya Felisa

Ukitafuta mahali pabaya pa kugombana na mchumba wako, hutapata pabaya kuliko chumba cha nyuma ya kioo. Huwezi kupaza sauti, kwa sababu ukuta ni mwembamba na upande wa pili kuna mgonjwa. Huwezi kuwasha taa, maana ukiwasha tu yule mgonjwa atakuona kupitia kioo kile kile ambacho kwake ni cha kujitazamia. Huwezi hata kuinuka ukabamiza mlango. Unakaa gizani bega kwa bega na mtu aliyekuudhi, nyote mnatazama mbele, na hasira mnaimeza kwa mafungu madogo madogo.

Humo ndimo alimokuwa Daktari Felisa Jarantilla Jumamosi ile alasiri. Ugomvi wenyewe ulikuwa haujaanza, lakini ulikuwa umemkaa kooni tangu mchana.

Alikuwa amechoka jamani. Kwa miaka mingi alikuwa akiiongoza kliniki ya chuo, pale wanafunzi wa saikolojia ya tiba wanapojifunza kukaa na mtu mwenye shida bila kumkimbia, na mwaka huu wanafunzi walizidi viti. Asubuhi nzima alikuwa amesimama nyuma ya kioo hiki. Miguu ilimuwaka moto, shingo ilikaza. Na kesho yake, Jumapili, ukoo wa mchumba wake Arsenio Palabrica, mtafiti wa idara hiyo hiyo, ulikuwa unakuja nyumbani kwao, mtaa wa Jaro mjini Iloilo, kumposa.

Simu ikatetemeka mapajani. Ulikuwa ujumbe wa mama yake, Nay Consorcia, yaani Mama Consorcia, mwalimu mstaafu ambaye hata akiandika kwenye simu hasahau nukta.

"Mwenye nguruwe anauliza amchinje saa ngapi. Na hao watu wanakuja wangapi? Usinijibu kwa picha ya kidole gumba."

Kwa desturi upande wa mume ndio wanaokuja na vyakula siku ya posa. Lakini Nay Consorcia alikuwa amesema hatakubali watu wa Palabrica waseme baadaye kwamba walikuja Jaro wakajilisha wenyewe. Nguruwe wa kubanika angetoka kwake. Huyo huyo mama ambaye miaka yote alimpinga Arsenio! "Yule mwanaume," alizoea kusema, "anakutazama kama mtu aliyetumwa kusoma mita ya maji." Sasa alikuwa amesalimu amri, na kwake yeye kusalimu amri kulikuwa na maana ya nguruwe mzima.

Felisa hakuujibu ule ujumbe. Aliufunika kwa kiganja.

Mchana, kwenye foleni ya chakula, mkuu wa idara alikuwa amemgusa bega kwa huruma. "Pole, Felisa. Najua ulikuwa hospitali na wanafunzi siku ile tulipopiga kura. Mafunzo ya kliniki yatakuwa mwaka mmoja badala ya miwili. Mwaka wa pili wote utakuwa wa utafiti." Kisha, alipomwona amekodoa macho, akaongeza: "Arsenio hakukuambia? Si yeye ndiye aliyeitoa hoja."

Kura ilipigwa Jumatano. Alhamisi jioni Arsenio alikuwa mezani kwa Nay Consorcia, akila na kucheka.

Mlango ukafunguliwa taratibu, mwanga kidogo ukaingia, ukatoka. Hata bila kugeuka alimjua kwa jinsi alivyokanyaga, polepole kama anayeogopa kuiumiza sakafu. Arsenio alikaa kiti cha pembeni yake, akaweka karatasi zake za kutia tiki juu ya meza, kisha akamsogezea kipande cha mkate mkavu wa siagi na sukari kilichofungwa karatasini.

"Biskocho," akanong'ona. "Hujala."

"Umejuaje?"

"Usipokula huwa unajishika shingo."

Felisa akaushusha mkono shingoni. Hayo ndiyo yaliyomuumiza kwa huyu mtu. Alikuwa anamwona. Mwanaume gani mwingine alijua njaa yake inakaa wapi? Ni huyu huyu ambaye wakati mmoja, alipomkuta analia jikoni kwa uchovu, alitoka akarudi na fomu ya kupima huzuni, ile wanayopewa wagonjwa, akamwomba aijaze. Na aliipigia hesabu! Felisa alimkasirikia wiki nzima, kisha akacheka mwezi mzima. Wala yeye mwenyewe hakuwa msafi. Siku Arsenio alipomwambia kwa mara ya kwanza kwamba anataka kumwoa, alimjibu kwa ile sauti yake ya kliniki: "Nasikia kama una hofu ya kubaki peke yako." Maskini Arsenio alirudi kwake usiku ule akiwa hajui kama amekubaliwa au ameandikishwa matibabu.

Upande wa pili wa kioo taa iliwaka. Lovella, mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliingia na mgonjwa wake. Alikuwa na kifaa kidogo sikioni. Mezani mbele ya Felisa kulikuwa na kipaza sauti chenye kitufe. Ukibonyeza, mwanafunzi anakusikia. Ukiachia, hakusikii.

Mgonjwa waliyemwita Manong Edring, yaani Kaka Edring, alikuwa mpishi wa meli ya mizigo, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa. Alikuwa amerudi likizo, na tangu arudi hakuwa akizungumza na mkewe. Hawakugombana. Aliketi tu. Mkewe ndiye aliyemleta, na sasa alikuwa nje kwenye benchi, mwavuli mapajani. Manong alikuwa ametia sahihi kukubali kutazamwa nyuma ya kioo, na pia kuingia katika utafiti wa Arsenio, ambao vikao vyake vyote vilifuata mwongozo mmoja: leo maswali haya, wiki ijayo yale, na kazi ya kufanya nyumbani. Ndiyo sababu walikuwa humo wote wawili. Felisa alikuwepo kumlea mwanafunzi, Arsenio kuhakikisha mwongozo unafuatwa.

"Manong," Lovella alianza, "tulikubaliana uandike mawazo yanayokujia ukiwa na mkeo. Umeandika?"

"Nimeandika." Manong Edring akatoa kijikaratasi mfukoni. "Nimeandika mchele."

"Mchele?"

"Mke wangu anapika mchele mwingi mno."

Lovella akatazama mwongozo wake, akamtazama Manong, akarudi kwenye mwongozo. Manong akainama. Yule binti akaanza kufunua ukurasa unaofuata.

Felisa akabonyeza kitufe. "Usiuruke mchele, Lovella. Kaa hapo hapo."

"Day, tafadhali," Arsenio alinong'ona, kwa lile jina la kubembeleza ambalo hata mama yake Felisa humwita. "Hapo anatakiwa aende kwenye kazi ya nyumbani."

"Mtu kaandika mchele, Sen."

"Hata mimi nataka kujua habari za huo mchele. Lakini kila mmoja akifuata mchele wake, mwisho wa mwaka hatutajua ni kitu gani kiliwasaidia."

"Mwisho wa mwaka," Felisa alisema. "Na mwisho wa mwaka kliniki itakuwa imebaki na nini? Hebu niambie, wewe mwenye hoja."

Kalamu ya Arsenio ikasimama. Katika lile giza Felisa aliona tu miwani yake ikimgeukia.

"Nani kakuambia?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

"Nilitaka kukuambia mwenyewe."

"Lini? Alhamisi ulikuwa kwetu. Ulikula sahani mbili. Ulimwambia mama yangu hujawahi kuonja mbaazi tamu kama zake, ukamuuliza na nguruwe ana kilo ngapi. Nguruwe ulimuulizia, Sen! Mimi ukaniachia nisikie kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi."

"Nilitaka Jumapili ipite kwanza. Nilikuwa naandaa maelezo. Nina takwimu, Day, ninazo za miaka yote, ukiziona utaelewa..."

"Najua unazo."

"Si kwamba naidharau kazi yako."

"Sijasema unaidharau."

"Unamkumbuka Nida," akasema, na sauti yake ikashuka zaidi. Nida alikuwa dada yake mdogo. "Alikaa kwa daktari mwema miaka sita. Mwema kweli kweli, Nida akilia naye analia. Akitoka pale anarudi kuosha mikono mpaka inatoka damu. Kisha akaja mwanafunzi mmoja na mwongozo mkononi, hata kutabasamu hajui, akamtoa ndani ya nyumba. Leo Nida anauza maua sokoni, anabishana bei na watu. Naogopa wema usiopimwa, Day. Nauogopa mpaka silali."

"Na mimi naogopa watu wanaopima bila kukaa," Felisa alisema. "Mwaka jana aliyeongoza darasa zima alipewa mjane, yule mama akaanza kulia, na yeye akamwachia boksi la tishu akatoka nje. Tasnifu yake ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa inahusu majonzi." Akavuta pumzi. "Lakini hilo tungebishana. Ungenijia Jumanne ukaniambia, Felisa, kesho nitatoa hoja ya kukukata mguu mmoja, ningekupinga mpaka alfajiri, halafu ningekupikia kahawa. Si tumebishana miaka yote? Mimi nilidhani ndivyo tunavyopendana."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Idhini." Neno lilimtoka kwa shida. "Wagonjwa wako wote, kabla hujawauliza lolote, unawaketisha unawasomea. Tutafanya hivi, madhara yake ni haya, unaweza kukataa, na ukikubali unaweza kujitoa wakati wowote. Nimekuona unamsomea bibi kizee asiyesikia, mara tatu, mpaka akaelewa. Katika Iloilo nzima, Sen, mtu pekee uliyetaka kumwingiza bila kumwambia ni mimi. Ulitaka niseme ndiyo kwanza mbele ya mama zetu, ndipo nijue nimeolewa na nani."

Arsenio aligeuzageuza kalamu vidoleni. Felisa alimjua vizuri. Alikuwa anatafuta pa kuanzia maelezo.

"Umechoka," hatimaye akasema.

"Usinipime."

"Sikupimi, nasema tu kwamba..."

"Nimechoka, ndiyo. Nimechoka kungoja siku utakayoniuliza swali ambalo huna jibu lake tayari."

Hapo kutoka kwenye spika ndogo juu ya kioo, ikaja sauti ya Lovella, imetulia, ya mtu anayetembea juu ya ubao mwembamba.

"Manong, huo mchele. Labda umechoka kungoja siku mkeo atakayokuuliza swali ambalo hana jibu lake tayari?"

Felisa akatazama chini. Kidole gumba chake kilikuwa bado juu ya kitufe, kimebonyeza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Alikitoa kwa mshtuko kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mungu wangu," akanong'ona.

"Tangu lini?" Arsenio akauliza.

"Tangu mchele."

Upande wa pili Manong Edring alikuwa ameinua kichwa. Alimtazama yule binti kwa muda mrefu, na ile mikono mikubwa ikaanza kujikunjua mapajani.

"Ananiuliza, umeshiba?" akasema. "Huku ananiongezea. Ananiuliza, umefurahi kurudi nyumbani? Huku anatabasamu hivi. Sasa mimi niseme nini? Kule kwenye meli mimi ndiye ninayejua nani hajala na kwa nini hajala. Nikiona sahani imerudi na chakula, namfuata mtu mpaka chumbani kwake, nakaa. Nyumbani..." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nataka aniulize kama nataka kurudi baharini. Hilo hajui jibu lake. Wala mimi silijui. Tungekaa tu pamoja, wote hatujui. Ningekula huo mchele wake wote."

Kisha akalia, kimya kimya, na Lovella hakuutazama mwongozo. Alikaa naye.

Felisa alisikia machozi yakimshuka yeye mwenyewe wala hakuyafuta. Pembeni yake karatasi ya Arsenio ilikuwa haina tiki hata moja kuanzia katikati kushuka chini. Alikuwa ameweka kalamu, ameegemeza viwiko mezani, anamsikiliza yule mpishi kwa uso ambao Felisa hakuwahi kuuona darasani wala kwenye mikutano. Mkono wake ulikuwa karibu na wa Felisa kiasi kwamba alihisi joto lake. Alitamani kuushika. Alitamani mno, na hakuushika.

Kikao kilipokwisha, Manong Edring alitoka kwenda kwa mkewe kwenye benchi. Lovella akaja chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, kifaa cha sikioni amekishika mkononi kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

"Madamu, nisameheni."

"Ulisikia kiasi gani?" Felisa akauliza.

"Kuanzia mchele."

"Mpaka?"

"Mpaka mwisho, Madamu. Na nguruwe."

Arsenio akakohoa. Felisa akafumba macho kidogo.

"Mbona hukukitoa sikioni, mwanangu?"

"Ningekitoaje, Madamu, na mtu ananitazama usoni? Nilifikiri nikipapasa sikio ataona nimechoshwa na maneno yake. Nikakaa nacho. Halafu mliposema lile la mwisho, nikamtazama Manong, nikaona hili ni la kwake. La nani kwanza sijui, lakini lilikuwa la kwake. Mengine sikuyasema, Madamu. Ya nguruwe sikuyasema."

"Mwongozo uliuacha," Arsenio alisema.

"Niliuacha, Daktari."

"Kikao hiki hakitaingia kwenye utafiti."

"Najua, Daktari."

Arsenio akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. "Ulifanya vizuri," akasema, na kila mtu mle ndani alisikia jinsi lilivyomgharimu.

"Hapana," Felisa akasema. "Ulibahatisha, Lovella. Maneno ya mtu mmoja umempa mwingine, na leo yameingia. Siku nyingine yatamkata mtu. Ningemfukuza mwalimu aliyefanya nilichofanya mimi leo. Wiki ijayo tutakaa na Manong mimi na wewe, tumwambie lile swali lilitoka wapi. Akikasirika, ana haki."

Lovella aliwatazama kwa zamu, mtu wa utafiti aliyemsifu na mtu wa tiba aliyemkanya, na ikaonekana wazi kwamba siku hiyo hakuelewa tena nani anafundisha nini.

"Sawa, Madamu. Na kesho je, niwaombee au..."

"Nenda nyumbani, Lovella."

Mlango ukafungwa. Upande wa pili wa kioo palibaki viti viwili vitupu na mwanga mkali. Felisa akafungua ile biskocho, akavunja kipande, akakitafuna bila hamu. Ilikuwa tamu, na utamu wake ukamwongezea kulia.

"Jumatatu naweza kuirudisha hoja," Arsenio akasema. "Nikaiondoa. Nikasema nimebadili mawazo."

"Umebadili?"

Akafikiri. Hilo nalo alilipenda kwake, kwamba alikuwa anafikiri kweli.

"Hapana."

"Basi usiiondoe. Nitaomba ijadiliwe tena, nisimame nikupinge mbele ya watu wote, na nitakuja na hoja zangu. Lakini usiniletee kura yako kama pete. Nitakuwa nimekushinda, Sen, nami nimechoka kushinda kama nilivyochoka kushindwa."

Alingoja maelezo. Yalikuwa na kawaida ya kuja hapa, kwa utaratibu, moja baada ya jingine, yote ya kweli, mpaka mtu anakubali kwa sababu hana nguvu ya kusimama tena. Hayakuja. Arsenio alikuwa amegeuza kiti chake kizima, na sasa walikuwa wanatazamana. Mwanga uliopita kwenye kioo ulimwangukia nusu ya uso. Alionekana mzee, na alionekana mwenye hofu.

"Day," akasema. "Unataka tuje kesho?"

Felisa alimchunguza. Alitafuta nyuma ya lile swali kama kuna jibu limejificha, tabasamu dogo, ile namna yake ya kukaza midomo anapojua matokeo kabla ya mwenzake. Hakukuwa na kitu. Alikuwa hajui. Miaka yote hilo ndilo swali alilolitaka, na lilipofika lilimkuta hana kitu ndani cha kulipokelea. Angeuliza wiki moja kabla, angemrukia shingoni.

"Hapana," akasema.

Arsenio akatikisa kichwa kukubali. Mara simu ikaanza kulia mapajani mwa Felisa, na wote wawili wakaliona jina la mama yake.

"Nipe," Arsenio akasema.

"Sen, usi..."

"Nipe, tafadhali."

Akapokea. "Nay, ni Arsenio. Samahani, Nay. Kesho hatuji."

Sauti ya Nay Consorcia haikuhitaji spika. Ilijaa kile chumba.

"Hamji? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Nay."

"Mtoto wangu yuko wapi? Umemfanya nini? Umepata mwingine?"

"Hapana, Nay. Kosa ni langu. Mimi ndiye ninayesema hatuji."

"Kwa nini? Ndugu zangu wametoka mpaka kisiwani Guimaras! Nipe sababu, wewe daktari! Siku zote una sababu kumi!"

"Sina maelezo, Nay."

Felisa alijua maana yake. Kabla ya misa ya asubuhi mtaa mzima wa Jaro ungekuwa unasema mtoto wa Palabrica kamtelekeza binti wa mwalimu siku ya posa. Mama yake Arsenio asingeweza kupita mbele ya kanisa bila kunong'onwa. Nida angetaniwa sokoni. Na Arsenio, mtu asiyetoa sentensi bila ushahidi nyuma yake, alikuwa amekaa pale anasema "Ndiyo, Nay," na "Ni kweli, Nay," kwa kila tusi lililomjia, ili yeye Felisa asionekane kuwa ndiye aliyekataa. Angeweza kumwacha aendelee. Ingekuwa kupumzika. Jumapili ingepita, watu wangemhurumia, wangemletea chakula.

Akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Nay. Ni mimi niliyesema wasije. Anasema uongo."

"Wewe?" mama yake akasema. "Wewe uliyenililia miaka yote hiyo kwamba simpendi? Wewe uliyekataa kula Krismasi ile? Sasa mimi nimemkubali, nimenunua mpaka leso za mezani, ndiyo unamkataa?"

"Ndiyo, Nay."

"Humpendi?"

Arsenio alikuwa anasikia kila neno. Felisa alimtazama, yale mabega yaliyoinama, miwani yenye alama za vidole.

"Nampenda," akasema. "Nampenda sana, Nay."

"Sasa?"

"Sasa nimechoka. Kesho nataka kulala. Nataka niamke nisikute mtu sebuleni anayengoja niseme ndiyo."

Alijitayarisha kwa makelele. Badala yake alisikia kiti kikivutwa, na mama yake akikaa kwa ule mguno wake wa magoti. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ile aliyoitumia zamani, Felisa akiwa mdogo ana homa.

"Basi njoo nyumbani, Day. Msiseme kitu, wewe wala huyo mwenzako. Nitawapigia watu simu sasa hivi, niseme ni mimi niliyekataa. Mimi walishanizoea."

Felisa akaikata simu, akaitia mfukoni. Arsenio alikuwa ameshainuka. Akakusanya karatasi zake taratibu, akamfungulia mlango, akasimama pembeni ili apite. Nafasi ilikuwa ndogo. Felisa alipita karibu naye mno, mpaka akasikia pumzi yake kwenye nywele, wala hakusimama.